Hodi Bila Karibu Si Ruhusa

Mtu afikaye Bisil siku ya soko, akashuka kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, hulakiwa na vumbi, milio ya mbuzi na sauti za wafanyabiashara wanaobishana bei kwa Kimaasai na Kiswahili kwa wakati mmoja. Mgeni hudhani kwamba pale hapana utaratibu wowote. Lakini akitulia na kutazama kwa makini, ataona kwamba ng'ombe haondoki pale kwenda machinjioni kwa neno la mdomo tu. Lori limbebalo halina budi kuwa na karatasi iitwayo kibali cha kusafirisha mifugo. Karatasi hiyo hutaja mifugo ni wa aina gani, ni wangapi, wametoka wapi na wanakwenda wapi. Askari akilisimamisha lori njiani akahesabu ng'ombe 13 ilhali kibali kinasema 12, dereva hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ana kibali. Kibali anacho, ndiyo. Lakini huyo wa 13 hana.

Tumeanza na karatasi hiyo kwa makusudi. Jambo tunalotaka kulizungumza leo na walimu na wanafunzi wetu ni geni kwa jina, lakini maana yake ni ya zamani: ni nani aruhusiwaye kuujaribu ulinzi wa tarakilishi za watu, kwa idhini ya nani, na mpaka wapi. Wataalamu huiita kazi hiyo jaribio la upenyaji. Mwenye mali humwajiri mkaguzi amjie kama mwizi, atafute mlango uliolegea na dirisha lisilo na komeo, kisha amwandikie ripoti ili arekebishe kabla mwizi wa kweli hajafika. Ni kazi ya heshima na ya manufaa. Lakini kinachomtenga mkaguzi huyo na mwizi si vifaa vyake wala ujuzi wake, kwani vyote hivyo ni sawa na vya mwizi. Kinachomtenga ni ile karatasi aliyo nayo mfukoni.

Jambo hili limetufikia hata sisi tulio mbali na maghorofa ya Nairobi. Kutoka Kitengela hadi Namanga zimo shule zilizoacha madaftari makubwa ya karo na alama na kuyahamishia katika wingu. Neno hilo lisimpumbaze mtu. Wingu si kitu kinachoelea angani. Ni tarakilishi za mtu mwingine, zilizopangwa kwa maelfu katika majumba makubwa yenye umeme wa kudumu na walinzi, nasi tunakodi nafasi humo. Kampuni ya Microsoft ilifungua majumba ya namna hiyo Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, na Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Hivyo alama za hisabati za mtoto wa Bisil zaweza kuwa zimelala usiku huu katika nchi ambayo mtoto huyo hajapata kuikanyaga.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mwanafunzi mmoja wa shule ya upili, hodari wa tarakilishi, anafungua ukurasa wa matokeo yake kwa simu ya mzazi. Katika anwani ya ukurasa ule anaiona nambari yake ya usajili. Kwa udadisi tu anaibadilisha tarakimu ya mwisho, na mara anatokewa na alama za mwenzake, karo anayodaiwa na nambari ya simu ya mamake. Mwanafunzi anashtuka. Anataka kumwarifu mwalimu mkuu, lakini anahofia kwamba hatasadikiwa. Kwa hiyo anaandika programu ndogo ipitayo nambari zote, moja baada ya nyingine, na kuhifadhi kila inachokipata ili kiwe ushahidi. Kufikia alfajiri ana rekodi za maelfu ya watoto. Naye akizitazama vizuri anagundua kwamba nyingi si za shule yake. Ni za shule nyingine, za kaunti nyingine, ambazo zinatumia programu ile ile ya kampuni ile ile.

Asubuhi anaipeleka habari ofisini. Baadhi ya walimu watataka afukuzwe siku hiyo hiyo na polisi waitwe. Wengine watampigia makofi na kusema kwamba shule imepata shujaa. Maoni yetu ni kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zinamtazama mtoto na nia yake, hali swali lililo mbele yao ni la ruhusa. Nia njema ni jambo jema, lakini haigeuki kuwa ruhusa. Na ruhusa nayo, hata ikitolewa, haifai kitu ikiwa imetolewa na asiyeimiliki mali au ikiwa haina mipaka.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi huizungumza bila kuisoma. Kenya ilitunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni mwaka 2018. Kifungu cha 14 chasema kwamba mtu anayevunja hatua za ulinzi kwa kusudi la kuingia katika mfumo wa tarakilishi, akijua kwamba hana idhini, ametenda kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hasara iliyotokea haikutajwa hapo, wala nia njema haikuwekwa kuwa kinga. Sheria inauliza kama mtu huyo alikuwa na haki ya kudhibiti uingiaji huo, au kama alipata ridhaa ya mwenye haki. Akiingia kwa nia ya kutenda kosa jingine, kifungu cha 15 kinapandisha adhabu hadi shilingi milioni 10 au miaka 10. Na iwapo mfumo wenyewe ni miongoni mwa ile iliyotangazwa kuwa inalindwa mahususi, kifungu cha 20 kinafika shilingi milioni 25 au miaka 20.

Mawakili wanaweza kubishana kama kubadilisha tarakimu moja katika anwani ni kuvunja hatua za ulinzi au ni kuingia mlango uliokuwa wazi. Ubishi huo una maana katika chumba cha mihadhara. Lakini si haki kumwachia mtoto wa shule akatafute jibu lake kizimbani.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, haiwachukii wakaguzi. Kifungu cha 18 kinapiga marufuku kutengeneza, kuuza na kuwa na vifaa na maneno ya siri ya kuvunjia mifumo, na adhabu yake hufika shilingi milioni 20 au miaka 10. Papo hapo kinatambua vitendo vinavyokusudiwa kwa mafunzo, majaribio au ulinzi wa mfumo, maadamu vimeidhinishwa. Neno zito hapo ni hilo la mwisho. Mwalimu anayefundisha somo hili darasani ana kinga katika neno hilo. Bila hilo, kinga inaponyoka. Majirani zetu wana sheria za jinsi hiyo pia: Uganda tangu mwaka 2011 na Tanzania tangu 2015. Kwa hiyo kijana wa Bisil asidhani kwamba akivuka Namanga ameiacha hatari nyuma yake.

Kwamba nia njema haitoshi, si nadharia. Mwishoni mwa mwaka 2004, mawimbi ya tsunami yalipoziangamiza pwani za Bahari ya Hindi, mtaalamu mmoja wa usalama wa tarakilishi aliyekuwa akifanya kazi London, Daniel Cuthbert, alitoa mchango wake kupitia tovuti ya kuwachangia walioathirika. Baadaye aliingiwa na shaka kwamba huenda tovuti ile ilikuwa ya matapeli. Siku ya tarehe 31 Desemba akaandika alama chache katika anwani ya tovuti ili aone kama angeweza kupanda hadi sehemu zisizo za umma. Mitambo ya ulinzi ikapiga kengele. Hakuiba chochote wala hakuharibu chochote. Hata hivyo, Oktoba 2005 alipatikana na hatia chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1990, akatozwa faini ya pauni 400 na gharama za kesi pauni 600. Hakimu mwenyewe alisema kwamba alitoa hukumu ile kwa masikitiko. Lakini masikitiko ya hakimu hayafuti hatia.

Kuna watakaosema: basi tupate barua yenye sahihi, na mambo yamekwisha. La hasha! Hapo ndipo penye swali la pili, nalo ni kubwa zaidi: sahihi hiyo ni ya nani?

Septemba 2019, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, uongozi wa mahakama za jimbo uliiajiri kampuni ya Coalfire ijaribu ulinzi wa mahakama, pamoja na milango ya majengo yake. Usiku wa manane kuamkia tarehe 11, wakaguzi wawili waliingia katika jengo la mahakama la kaunti ya Dallas, jimboni humo. Kengele ikalia, askari wakafika, nao wakaguzi wakawangojea kwa utulivu na kutoa barua yao. Waliotajwa katika barua walipigiwa simu. Lakini mkuu wa polisi wa kaunti alipofika alisema kwamba jengo lile ni mali ya kaunti, wala si la jimbo, na kwamba uongozi wa jimbo haukuwa na mamlaka ya kumruhusu mtu kulivunja usiku. Wakaguzi wakatiwa korokoroni na kushtakiwa kwa uvunjaji. Aidha, kampuni na waajiri wake walitofautiana hadharani juu ya upana wa kazi iliyokuwa imeandikwa katika mkataba wao. Mashtaka yalifutwa mwishoni mwa Januari 2020, baada ya miezi zaidi ya minne. Watu hao walikuwa na ujuzi, nia njema, mkataba na barua. Walichokosa ni karibu ya mwenye nyumba.

Ikiwa jengo la mawe, lenye mlango mmoja mkubwa na bendera juu, liliwachanganya watu wazima namna hiyo, seuze wingu, ambalo haliguswi wala halionekani! Humo wenye mali hukaa tabaka juu ya tabaka. Ili tuelewane, tulinganishe na mambo yaliyopo pale Bisil.

Kuna mtu anayekodi kiwanja kitupu akajijengea kibanda chake. Katika wingu, huyo ni yule akodiye tarakilishi tupu na kuweka humo programu zake mwenyewe. Mlango ni wake, kufuli ni lake, na akitaka kumwita fundi aijaribu kufuli hiyo ana haki. Lakini ardhi iliyo chini ya kibanda si yake, wala ua unaouzunguka uwanja wote. Kuna mwingine anayepanga chumba kimoja katika safu ya maduka. Huyo anaweza kumruhusu mtu akijaribu kitasa chake, lakini ukuta wa pembeni ni wake na wa jirani, na paa ni la mwenye nyumba. Na kuna wa tatu, msafiri aliyelala katika nyumba ya wageni. Amelipia kitanda, ana ufunguo wa chumba, lakini hana hata chembe ya haki ya kumleta fundi usiku aijaribu milango ya ushoroba. Shule nyingi zinazotumia programu za karo na matokeo zilizotengenezwa tayari na kampuni fulani ni wageni wa namna hii ya tatu. Zimelipia kitanda.

Hapa ndipo kosa la mwalimu mkuu mwenye nia njema linapoweza kuwa kubwa kuliko la mwanafunzi wake. Akiandika barua kwa kalamu ya kijani, akaitia mhuri wa shule na kusema, "Ninamruhusu kijana huyu aujaribu mfumo wetu wa matokeo," atakuwa ametoa asichokuwa nacho. Mfumo ule si wa shule; ni wa kampuni. Na ndani yake zimo rekodi za shule nyingine ambazo hazikuulizwa. Barua hiyo haitamkinga kijana, na huenda ikamtia mwalimu mkuu mwenyewe matatani. Anachoweza kukifanya ni kuiandikia kampuni, kuitaka ifanye ukaguzi kwa gharama yake au ikubali kwa maandishi ukaguzi ufanywe, na kuionyesha shule muhtasari wa ripoti. Isitoshe, ni haki yake kuyadai hayo kabla ya kutia sahihi mkataba wa kununua programu, wakati kampuni ingali inatabasamu.

Wenye majumba ya wingu nao wana kanuni zao. Zamani mteja alilazimika kuomba idhini ya kampuni kila alipotaka kujijaribu. Microsoft iliondoa sharti hilo Juni 2017, na Amazon ikalegeza lake mwaka 2019 kwa orodha ya huduma ilizozitaja. Baadhi ya watu wamelitafsiri jambo hilo vibaya, wakadhani kwamba sasa wingu ni malisho ya wote. Sivyo. Kampuni hizo zimesema kwamba mteja anaweza kukijaribu kilicho chake, si misingi ya jumba wala mali ya wapangaji wenzake. Na yako mambo yasiyokubaliwa hivi hivi hata kwa kilicho chako, hasa kuufurikiza mfumo kwa maombi bandia hadi uzimike, kwani furiko hilo halijui kuchagua. Likimiminwa kwa mpangaji mmoja huwalowesha wote.

Kanuni iliyo chini ya yote haya ni kwamba jukumu la ulinzi limegawanywa. Mwenye jumba hulinda jumba; mpangaji hulinda chumba. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilidukuliwa, na habari za watu wapatao milioni 100 nchini humo na milioni 6 nchini Kanada zikachukuliwa. Data hizo zilikuwa katika wingu la Amazon, lakini udhaifu uliotumiwa ulikuwa katika mpangilio wa ukuta wa ulinzi wa benki yenyewe. Agosti 2020 benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 80. Aliyeingia, mhandisi aliyewahi kuajiriwa na Amazon, alipatikana na hatia Juni 2022, ingawa mawakili wake walijaribu kumwonyesha kuwa ni mtafiti wa usalama. Yafaa walimu wa somo la tarakilishi waifundishe kesi hii, kwa kuwa inaonyesha mambo mawili kwa pamoja: mpangaji mzembe huadhibiwa, na mgeni asiyealikwa naye huadhibiwa.

Sasa tuje kwenye mipaka, yaani ile hesabu ya ng'ombe 12. Idhini iliyo kamili haisemi tu "jaribu mfumo wetu." Hutaja ni akaunti ipi ya wingu, ni tovuti zipi na ni anwani zipi zitakazoguswa, na hutaja waziwazi zile zisizoguswa. Hutaja siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na saa za kazi. Jaribio lisifanywe wiki ya kutoa matokeo wala siku ya kupokea karo. Hutaja mbinu zinazokubaliwa na zinazokatazwa: je, mkaguzi aweza kumpigia simu karani wa shule na kujifanya afisa wa wizara ili ampe neno la siri? Kama haikuandikwa, asifanye. Hutaja jina na simu ya mtu wa kuitwa usiku au mchana mambo yakiharibika. Hutaja ripoti atapewa nani, na data zilizoonekana zitafutwa lini.

Katika wingu kuna sharti moja la ziada ambalo wanagenzi hulisahau. Anwani za nambari hukodishwa na kurudishwa kama meza za sokoni. Anwani iliyokuwa ya shule yako Jumatatu, ikiachwa, yaweza kuwa ya duka la mtu usiyemjua ifikapo Alhamisi. Mkaguzi anayefanya kazi kwa orodha ya mwezi uliopita anaweza kuamka asubuhi akavunja mlango wa mtu mwingine huku akiwa na barua halali mkononi. Basi orodha ihakikishwe siku ile ile ya kazi. Vilevile mfumo wa shule hushikana na mifumo mingine: ule wa malipo kwa simu, ule wa kutuma ujumbe kwa wazazi, ule wa wizara. Kila kamba inayotoka nje ya ua wako inaingia katika ua wa mtu, na barua yako inakomea uani pako.

Na iwapo mkaguzi, akiwa ndani ya mipaka, anakuta mlango unaompeleka nje ya mipaka? Asimame. Aandike kwamba ameuona mlango, amwarifu mwenye nyumba, na angoje idhini mpya. Kusimama huko ndiko kipimo cha taaluma hii. Kuingia, hata mwizi anajua.

Walimu wasisahau kwamba kinachozungumzwa hapa si nambari tu. Ni watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu shule kuwa yenye dhamana ya habari za wanafunzi wake. Ikimpa mtu wa nje kazi inayomfikisha kwenye habari hizo, kifungu cha 42 kinaitaka iwe na mkataba wa maandishi naye, na afuate maagizo yake tu. Habari zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu, kifungu cha 43 kinataka Kamishna wa Ulinzi wa Data aarifiwe katika muda wa saa 72 tangu shule kujua. Ofisi hiyo haina meno ya plastiki. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Ikiwa picha tu zilifika bei hiyo, mwalimu mkuu na ajiulize alama, madeni na simu za wazazi zitafika bei gani.

Turudi basi kwa mwanafunzi wetu aliyesimama ofisini na ushahidi wake. Afanyiwe nini? Asitupwe nje, na asipewe zawadi. Aelezwe, mbele ya mzazi wake, kwamba alipoiona kasoro ya kwanza alikuwa na la kusema na mwalimu. Alipoandika programu ya kukusanya rekodi za wengine alivuka mpaka. Na kwamba sasa afute alichokusanya mbele ya mashahidi, baada ya kampuni kuarifiwa na kasoro kuthibitishwa. Shule nayo ikubali kosa lake. Mtoto alikusanya maelfu ya rekodi kwa sababu hakuamini kwamba neno lake tupu lingesikilizwa. Shule ambayo mwanafunzi huogopa kuiambia ukweli imechangia kumfikisha alikofika.

Ndiyo maana tunatoa wito wa mambo matatu. Kwanza, kila Bodi ya Usimamizi iandike ukurasa mmoja, ubandikwe katika chumba cha tarakilishi, useme: ukiona kasoro katika mfumo wa shule, usiendelee, usinakili, mwone mwalimu fulani siku hiyo hiyo, nawe hutaadhibiwa kwa kuripoti. Mwalimu huyo naye aiarifu kampuni kwa maandishi. Na kampuni ikikaa kimya, kipo kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandao chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Pili, vijana wapewe uwanja wao wa kuchezea. Ni kazi bure kumkataza ndama asikimbie hali hukumjengea zizi. Tarakilishi moja kuukuu, iliyokatwa kutoka kwa mtandao, inatosha kuwekewa programu zilizotengenezwa zikiwa na kasoro kwa makusudi ya mafunzo. Shirika la OWASP, mathalani, hutoa bure duka la kubuni liitwalo Juice Shop, ambalo limejaa mashimo ya kila aina yanayongoja kutafutwa. Mwanafunzi akilivunja duka hilo mara 100 hakumkosea mtu. Na hata humo mwalimu amdai kwanza aandike barua ya idhini na mipaka ya kazi, aitie sahihi, ndipo aguse kibao. Tabia hujengwa kabla ya ujuzi, la sivyo ujuzi utaitangulia na kuipoteza.

Tatu, tunawaelekea watunga sheria. Si haki mwenye nia njema anayeripoti upesi na mwizi anayeuza data wasimame mbele ya kifungu kimoja bila tofauti ila huruma ya hakimu. Mei 2022 Wizara ya Haki ya Marekani iliwaagiza waendesha mashtaka wake wasiwashtaki wanaofanya utafiti wa usalama kwa nia njema. Februari 2023 Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi, ikaweka sheria inayomkinga mtafiti hata bila ridhaa ya mwenye mfumo, kwa masharti: asiwe na nia ya kudhuru, asizidi kiasi kilicho lazima, aripoti bila kukawia, na asitangaze hadharani kabla ya kuruhusiwa. Kenya, inayojivunia vijana wake wa tarakilishi, haina sababu ya kubaki nyuma. Lakini mpaka siku hiyo ifike, kijana asiishi kwa sheria anayoitamani. Aishi kwa ile iliyopo.

Ndugu msomaji, mila zetu zilikwisha kulimaliza jambo hili zamani, kabla ya umeme kufika Kajiado. Mtu akifika mlangoni mwa mwenzake hupiga hodi. Mlango uwe wazi au umefungwa, awe amekuja kuiba au kuonya kwamba paa linaungua, hungoja aliye ndani aitike karibu; na aliyeitika sharti awe mwenyeji, si mgeni mwenzake aliyelala sebuleni. Akishakaribishwa barazani, haingii chumbani. Wazee wetu hawakuijua tarakilishi, lakini waliijua nyumba. Tukiwafundisha vijana wetu kwamba wingu nalo ni nyumba za watu, tutakuwa tumewafundisha nusu ya taaluma hii, na nusu iliyobaki watajifunza wakiwa huru.